Shangazi Alipolala Chali

Kazi yake ilikuwa kugeuza watu. Siku moja mgeni kanisani alimuuliza anafanya nini, akamjibu hivyo hivyo, na yule mgeni akamshika mkono kwa furaha akidhani amekutana na mhubiri mwenzake. Ikabidi amweleze kwamba anaowageuza yeye ni wagonjwa, na wengi wao hawana hata habari kama wamegeuzwa.

Alikuwa mhudumu wa wadi ya wanaume, ghorofa ya pili, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mgonjwa asiyejiweza haachwi alale upande mmoja kutwa. Ngozi inayolaliwa hufanya weusi, weusi huchubuka, na ukishachubuka umepata kidonda kinachokula mpaka mfupa. Kwa hiyo kila baada ya masaa mawili walizunguka wadi nzima: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Kanuni ilikuwa watu wawili kila kitanda, mmoja huku, mmoja kule, shuka iliyokunjwa ikipita chini ya mgonjwa, kisha "moja, mbili, haya." Mwenzake wa zamu alikuwa mwanamume mrefu waliyemwita Kaka Machela, kwa kuwa ndiye aliyesukuma machela kwenda chumba cha upasuaji na kwingineko. Yeye walimwita Dada Geuza. Mdogo wake alilisikia jina hilo siku aliyomfuata kazini, akalibeba mpaka nyumbani, na halikutoka tena.

Mdogo wake huyo, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa amefariki miezi minne iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Maisha yake yote ya utu uzima alitengeneza simu. Aliacha bisibisi ndogo ndogo ndani ya kopo la maziwa, mashati matatu mazuri, na buibui.

Si buibui wa darini. Huyu alikuwa na upana wa kiganja cha mtu mzima, manyoya ya rangi ya kahawa, na miguu minene kama vidole. Alikaa ndani ya sanduku la kioo lenye udongo, kipande cha gome la mti na kifuniko cha chupa kilichotiwa maji. Rafiki wa marehemu, mtu wa maabara katika shule ya sekondari, waliyemwita Mtaalamu, ndiye aliyemleta mwaka ule shule ilipofunga kona yake ya wanyama. Mdogo wake akampa jina la Shangazi.

"Anakaa pembeni, hasemi, na ukimsogelea ananuna," alieleza.

"Shangazi yenu alikuwa mtu wa sala," mama yao alimkaripia. "Usimfananishe na hicho kidudu."

"Lakini manyoya ya mikononi si unayakumbuka, Mama?"

"Toka hapa!" Na mama akageukia ukuta ili asionekane anavyojizuia kucheka.

Katika wiki za mwisho, miguu ilipokuwa imevimba na sauti imekuwa nyembamba, aliwahi kumwambia dada yake, "Huyu ni wa kike. Wa kike wanaishi hata miaka ishirini. Usimwache akafa kwa sababu mimi sipo." Dada Geuza aliitikia. Kazini alikuwa ameshawaitikia wagonjwa mambo mengi. Lakini hili, baada ya mazishi, lilimkalia kifuani. Alihamia chumba cha marehemu, akalala kitanda chake, na kila asubuhi akitoka zamu ya usiku alikikuta kile kiumbe kikimwangalia, au kutomwangalia, kwa macho yake manane. Hakukipenda. Hilo alimwambia hata Mungu katika sala, akiomba isihesabiwe kuwa ni ukatili. Alimwomba tu kiendelee kuwa hai.

Mama alitaka kiondoke. "Nyumba ina msiba, halafu kona moja ina buibui. Watu watasema nini?"

"Hakuna anayeingia chumbani, Mama."

"Mungu anaingia."

Dada Geuza aliinua begi lake. Alikwenda kulala.

Kisha Shangazi akaacha kula. Wiki ya kwanza Dada Geuza hakushtuka. Wiki ya pili alianza kumwekea nyenje wawili kila siku badala ya mmoja, akiwatoa katika ndoo ambayo mdogo wake aliwafuga juu ya trei za mayai. Wiki ya tatu nyenje walikuwa wakitembea juu ya Shangazi kama watu wanaokatiza uwanja. Naye hakutikisika. Alikuwa amefifia rangi, na mgongoni mwa tumbo lake, pale palipokuwa na kipara kidogo, ngozi ilianza kuwa nyeusi. Weusi ulikuwa ukikua.

Dada Geuza alisimama mbele ya kioo na begi la kazini bado liko begani. Weusi wa namna hiyo aliujua. Aliuona kila wiki kwenye visigino na kwenye makalio ya wazee.

"Anaomboleza?" mama aliuliza kutoka mlangoni, kwa kejeli, lakini si kejeli tupu.

"Ana kidonda cha kulalia," Dada Geuza alisema.

Siku ya nne baada ya hapo alirudi saa moja na nusu asubuhi. Usiku ule walikuwa wagonjwa ishirini na tisa na wahudumu wawili, na mzee wa kitanda cha mwisho alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Mabega yalikuwa yanamwaka moto. Alivua viatu, akawasha taa, akamwona Shangazi amelala chali juu ya udongo, miguu yote minane hewani, imejikunja kidogo kama mkono uliofumba nusu.

Hakupiga kelele. Hakufikiri hata kidogo, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye. Amelala juu ya kidonda, ndivyo alivyoona. Amelala palepale penye weusi. Alichukua kijiko cha chai na brashi laini ambayo mdogo wake alifutia vumbi ndani ya simu, akafungua kifuniko, akapitisha kijiko chini ya ubavu, akaweka brashi upande wa pili. Akasema kwa sauti ya chini, peke yake chumbani, "Moja, mbili, haya."

Buibui akageuka. Alikuwa laini, mwepesi kuliko alivyotegemea. Akatua kwa miguu yake, na miguu ikalegea chini yake, moja baada ya nyingine. Kisha hakujitikisa tena.

Akampigia Mtaalamu. Alimsikia upande wa pili akitafuna kitu na wanafunzi wakipiga makelele nyuma yake.

"Amekufa?" Mtaalamu aliuliza.

"Sijui. Hajala wiki tatu, tumbo limekuwa jeusi, nimerudi nimemkuta kalala chali."

"Aa! Basi usiwe na wasiwasi, dada yangu. Hajafa huyo. Anajivua ngozi. Buibui wa aina hiyo akitaka kujivua hulala chali kama mtu aliyeshiba. Ule weusi ni ngozi mpya inaonekana kwa ndani. Mwache tu, ni masaa machache. La muhimu, asiguswe. Wakati huo mwili wake wote ni kama uji, ukimgeuza unaweza kumpasua, au akakwama ndani akafa. Hujamgusa, sivyo?"

"Sijamgusa," alisema Dada Geuza.

"Safi. Na nyenje je? Umetoa nyenje?"

Alitazama sandukuni. Nyenje wawili walikuwa kando ya kifuniko cha maji, pembe zao zikitikisika. "Wapo."

"Toa, toa sasa hivi! Watamla yeye!"

Aliwatoa kwa kibanio. Kisha akakaa kitandani na simu mapajani. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini na sita, aliyesali asubuhi na jioni, na alikuwa amemdanganya mtu kuhusu buibui. Akampigia tena.

"Nimemgeuza."

Mtaalamu akaacha kutafuna.

"Lini?"

"Kabla ya kukupigia."

Mtaalamu akashusha pumzi. Hakumfokea, na afadhali angemfokea. "Basi usimrudishe. Ukimgusa mara ya pili unammaliza. Ongeza maji, funga kifuniko, usitikise meza. Akiwa na nguvu atalala mwenyewe. Akiwa hana," akasita, "basi tena, dada. Hukujua."

Hukujua. Neno hilo lilimchoma mahali ambapo Mtaalamu hakupajua. Kwa sababu siku aliyofariki mdogo wake, yeye alijua. Alirudi kutoka kazini alasiri, akamkuta amelala chali, amechoka, akamwambia, "Dada, nigeuze." Mama alikuwa uani. Kanuni aliifundisha yeye mwenyewe kwa wahudumu wapya: watu wawili, usijaribu peke yako. Lakini alikuwa amegeuza watu thelathini siku hiyo na hakuona taabu ya mmoja zaidi. Akapitisha mkono chini ya mgongo, akamvuta. Mdogo wake akageukia ukutani, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sista wa wadi, muuguzi msimamizi wake, alimwambia baadaye kwamba figo ndizo zilizomaliza kazi, wala si mkono wa mtu. Aliitikia. Hakuamini. Kwa mama hakulitaja kabisa jambo hilo.

Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo. Hakulala. Ilipofika saa nne Shangazi alijaribu kujigeuza akashindwa, akabaki ameegemea ubavu. Saa sita mfuniko wa kifua chake uliinuka kama kifuniko cha sufuria, na chini yake kukaonekana kitu cheupe kinachong'aa. Kisha akaanza kuvuta. Alivuta akapumzika, akavuta akapumzika. Miguu ilitoka ndani ya miguu, mmoja mmoja, kama mtu anayevua glavu zilizobana, lakini anavua na vidole vyote kwa pamoja. Dada Geuza alijikuta anashusha pumzi naye kila alipopumzika.

Jioni miguu saba ilikuwa imetoka. Wa nane ulikwama ndani ya gamba kuanzia kwenye goti.

Akampigia Sista wa wadi kuomba ruhusa.

"Udhuru gani?"

"Nina mgonjwa nyumbani."

"Pole sana, mama. Nani tena? Mama mzazi?"

Dada Geuza alifungua mdomo, akaufunga. Uongo mmoja kwa siku ulitosha. "Buibui," alisema.

"Zamu inaanza saa moja kasoro robo," Sista alisema, akakata simu.

Kwa hiyo hakukuwa na mwingine ila mama. Alikuwa jikoni, miguu imenyooshwa juu ya kigoda kwa sababu ya maumivu ya magoti, anachambua mboga. Dada Geuza alimweleza kwa maneno machache. Asiguse, asifungue, meza isitikiswe. Amtazame tu.

"Nimtazame mimi?"

"Nakuomba, Mama."

"Nikimtazama itamsaidia nini?"

"Sijui. Lakini asiwe peke yake."

Mama akajifuta mikono. "Niletee miwani yangu," alisema, "na kitabu changu cha nyimbo. Sitakaa na kitu kile bila kitabu."

Kazini Kaka Machela alikuwa ameshapata habari; hospitali nzima ilikuwa imepata. "Dada Geuza! Mgonjwa wako yuko kitanda namba ngapi? Nilete machela, au nilete kiberiti kitupu?"

"Shika shuka," alisema Dada Geuza.

"Na ana miguu minane, si tutahitaji watu wanane kumgeuza?"

"Kaka, shika shuka."

Akamwona uso wake, akashika shuka. Baada ya vitanda vinne aliuliza, bila mzaha sasa, "Ni yule wa marehemu?" Aliposikia ni yule, kuanzia hapo kila mgonjwa mzito alichukua yeye upande wa mzigo.

Asubuhi mama alikuwa bado kwenye kigoda. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimefunguliwa juu ya goti, miwani imeshuka puani. Ndani ya kioo kulikuwa na buibui wawili, na kwa sekunde moja Dada Geuza alidhani uchovu umempanda kichwani.

"Hata mimi nilishtuka," mama alisema. "Huyo wa kushoto ni nguo. Ameivua yote, ina mpaka kucha. Nimekaa naitazama nikasema kumbe Mungu ana ushonaji wake." Akaelekeza kidole kwenye lile gamba. "Ule mguu haukutoka. Alivuta, akavuta. Karibu na alfajiri akaukata mwenyewe, akauacha mle ndani, akatambaa pembeni. Nilimwambia pole. Sijui kama wanasikia."

Shangazi alikuwa kwenye kona, rangi yake mpya kama velveti, miguu saba, na mahali pa wa nane tone dogo la damu yake ya samawati lililokauka. Ncha za miguu zilikuwa zinatikisika, kidogo sana.

Dada Geuza akakaa sakafuni. "Mimi ndiye niliyemgeuza."

"Nani, huyu?"

"Wote wawili."

Basi akasema yote, akitazama miguu ya meza. Alisema alivyokuwa peke yake, alivyoijua kanuni, alivyovuta. Hakulia; hakuwa na nguvu za kulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Aliniomba mimi kwanza. Tangu asubuhi. 'Mama, nigeuze.' Niliogopa kumvunja. Nikamwambia msubiri dada yako, anajua kazi. Mara tatu aliniomba. Mara ya mwisho nilikwenda uani nisimsikie." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Miezi minne kila nikifumba macho kusali, namsikia anaomba. Nilidhani amekufa anasubiri."

"Hakufa anasubiri, Mama. Nilimgeuza."

"Ndiyo sasa ninasikia."

Mama hakumwambia kwamba hana kosa, wala yeye hakumwambia mama. Walikaa, mmoja kwenye kigoda, mmoja sakafuni, mpaka miguu ya Dada Geuza ikafa ganzi.

Mtaalamu alitoa maagizo, na mama, si mwingine, ndiye aliyeyaandika nyuma ya bahasha. Wiki mbili bila kumlisha, kwa maana meno bado ni laini na yakipinda hatakula tena maisha yake yote. Kifuniko cha maji kisikauke. Sanduku lisihamishwe. Mguu ungeweza kuota tena, lakini pole pole, kwa kujivua kwingine na kwingine. Hofu ilikuwa meno. Hakuna aliyejua ule mgeuzo uliyafanya nini. Angeweza kuonekana mzima hivi, akafa kwa njaa mbele ya chakula.

Wiki mbili hizo zilipita kama zamu isiyoisha. Mama alikataza kupiga milango. Alifagia chumba kwa fagio la mkono, ameinama na magoti yake yale. Lile gamba tupu Dada Geuza alilitoa kwa kibanio siku ya tano, Shangazi alipokuwa upande wa pili, wakalituma kwa Mtaalamu ndani ya boksi la viatu kwa ajili ya maabara. Mama alitazama meno kwa tochi kila asubuhi. Yalikuwa meupe, yakawa mekundu, yakawa meusi. "Yamekomaa," alitangaza siku ya kumi na nne, kama daktari.

Wakamwekea nyenje mmoja mdogo. Shangazi alirudi nyuma. Walisubiri saa nzima, wakamtoa nyenje. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Dada Geuza alirudi kutoka zamu akiwa hajiwezi kwa uchovu, akamkuta mama anamsubiri mlangoni na ndoo ya nyenje mkononi, naye akatamani kusema leo hapana, leo siwezi kutazama. Alivua viatu. Alisema moyoni, Bwana, kama unamtaka mchukue, lakini usinifanye nihesabu siku.

Nyenje alitua karibu na gome la mti. Akatembea hatua mbili. Shangazi hakusogea. Nyenje akageuka kuelekea maji, akapita upande ule wenye pengo la mguu, na hapo hapo kukawa na kishindo kidogo cha udongo, kwa upesi ambao macho hayakuufuata. Walipoona tena, nyenje alikuwa chini yake, ametobolewa, anatikisa mguu mmoja.

"Amemshika?" mama alinong'ona. "Amemshika kweli, au amemkalia?"

Dada Geuza alileta uso mpaka kioo kikaota mvuke. Meno yalikuwa yameingia yote mawili, sawasawa. Yakafunguka, yakafunga. Shangazi aliyumba kidogo, akajipanga upya juu ya miguu yake saba, akawapa mgongo, akaanza kula.

Dada Geuza alitaka kukaa pale aone mpaka tonge la mwisho, lakini mama alikuwa ameshamvuta kwa bega la nguo.

"Twende jikoni," mama alisema. "Mtu haangaliwi akila."